Kwa mwanangu mpiga dramu

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote wazima. Uliniuliza kwenye simu kama dramu za jazi zinaweza kukulisha huko Amsterdam. Zinaweza, na kitakachokulisha ni kuitwa mara ya pili. Mara ya kwanza huitwa yeyote aliye karibu. Mara ya pili huitwa yule ambaye mpiga besi alipopiga naye alijisikia vizuri kila noti. Nakuandikia mambo yanayoamua hilo.

Anza na simbali kubwa ya mkono wa kulia, ile tunayoiita raidi. Zamani mapigo manne yalibebwa na dramu ya mguu. Mpiga dramu Kenny Clarke, mwanzoni mwa miaka ya 1940 pale klabu ya Minton's, Harlem, New York, ndiye aliyesaidia kuyahamishia kwenye raidi, mguu ukabaki wa kuchomeka vipigo vya ghafla. Tangu hapo bendi nzima inasimama juu ya simbali hiyo. Weka metronomu, kile kifaa cha kuhesabia mwendo, kwenye mapigo 50 kwa dakika, na kila mlio uuhesabu kuwa pigo la pili na la nne. Mwendo wako halisi utakuwa 100. Piga raidi peke yake dakika kumi, kwa sauti ambayo mtu aliye pembeni yako anaweza kuzungumza bila kupaza. Ukiona unawahi mlio, usikaze mkono. Chanzo kwa kawaida ni nafasi kati ya mapigo ambayo wewe hauihesabu. Ijaze mdomoni kwa tatu-tatu, yaani hesabu tatu ndani ya kila pigo, utatulia.

Mwendo wa haraka, 260 na kuendelea, una kasoro yake. Noti ndogo ya katikati, ile fupi ya raidi kati ya pigo na pigo, hubanana na jirani yake, bega hupanda, na ukifika kwenye solo ya tatu mkono umekufa. Iache noti hiyo. Piga manne yaliyo sawa kwa vidole na kiganja, kisha uidokeze mara mojamoja. Mpiga dramu Tony Williams alijiunga na bendi ya mpiga tarumbeta Miles Davis mwaka 1963 akiwa na miaka 17, na katika rekodi zake za miaka hiyo utasikia jinsi raidi inavyopumua hata mwendo ukiwa wa kukimbiza. Sikiliza simbali tu, wengine waache kwanza.

Mguu wa kulia: kisigino chini, kirungu cha pedali kikae sentimita mbili au tatu kutoka kwenye ngozi, kiiguse tu. Mpiga besi auhisi, mtu wa meza ya mwisho asiusikie. Dramu ya mguu ya inchi 18 inatosha, ngozi zote mbili zikiwa nzima bila tundu na bila mto ndani. Ukanda mmoja wa kitambaa kizito nyuma ya ngozi ya mbele unatosha kukata mwangwi. Kaza skrubu kwa kuvuka upande wa pili, robo mzunguko kwa robo. Ukiilegeza sana itavuma kwenye noti zilezile za chini za besi, na kila mtu atalaumu spika.

Haihati, zile simbali mbili zinazofungwa kwa mguu wa kushoto, ndiyo inayowaumbua wengi. Unakanyaga kwenye pili na nne, unatarajia “chik”, unapata pumzi tupu. Hewa imenaswa kati ya simbali mbili zilizolingana kabisa. Chini ya simbali ya chini kuna skrubu ndogo. Izungushe mpaka simbali iiname kidogo upande mmoja, na mlio utarudi.

Dramu za ukumbini usiziamini. Nenda na sneya yako, ile dramu ndogo yenye nyaya chini, pedali, simbali, ufunguo wa kukazia, zulia, na brashi, zile za nyaya za kufagilia ngozi badala ya fimbo. Sneya hasa kwa ajili ya brashi: zinahitaji ngozi yenye mipako ya kukwaruza. Ukikuta ngozi laini ya kung'aa, au iliyochakaa katikati, wimbo wa polepole utakuwa kimya mkono wa kushoto ukizunguka bure. Kwa safari za ndege chagua raidi ya inchi 20. Ile ya 22 ina kipenyo cha karibu sentimita 56, na mashirika mengi huweka kikomo cha 55 kwa upande mrefu wa mzigo wa mkononi. Upande mwingine huwa mfupi zaidi, kwa hiyo hata ya 20 uliza shirika kwanza.

Sasa muziki usio na wimbo uliopangwa, na hapo uko mahali penyewe. Han Bennink, Misha Mengelberg na Willem Breuker waliunda Instant Composers Pool, kundi la wapigaji wa muziki wa papo kwa papo, hapo Uholanzi mwaka 1967, wakatoa rekodi zao wenyewe, na Bimhuis, ukumbi wa jazi wa hapo Amsterdam, imekuwapo tangu 1974. Msikilize pia mpiga dramu Louis Moholo wa Langa, Cape Town, aliyeondoka Afrika Kusini na bendi ya Blue Notes mwaka 1964, akaishi London miongo mingi na kurudi kwao 2005. Kwenye rekodi zake, hata alipopiga bila hesabu ya vipimo, bado unasikia msukumo unaokwenda mbele. Wanafunzi hudhani uhuru ni kujaza. Mpiga saksofoni akipanda, wao hupanda. Akipiga kelele, wao huzidisha. Baada ya dakika nne hakuna pa kwenda. Jizoeze kubaki na kitu kimoja, brashi kwenye ngozi moja, wakati wenzako wanachemka. Ukibadilisha, badilisha kabisa.

Kazi ya namna hiyo ina jambo la haki zako ambalo nakusihi usilipuuze. Mkirekodi muziki wa papo kwa papo, wote mliopiga ni watunzi. Kubalianeni mgawo na muandike majina yote kabla rekodi haijatoka, kwa sababu fedha za mtunzi na za mpigaji hutoka mifuko tofauti. Redio za kawaida za Marekani humlipa mtunzi, mpigaji hazimlipi. Jina lako likikosekana kwenye utunzi, huko hupati kitu.

Usione aibu kufundisha. Milford Graves, mmoja wa waliobadilisha kabisa upigaji huru, alifundisha chuo cha Bennington College, Marekani, kuanzia 1973 hadi 2012. Mshahara huo haukumpunguzia chochote kwenye ngoma.

Na masikio, mwanangu. Kwa kipimo wanachotumia wataalamu wa afya kazini, desibeli 85 unazivumilia saa nane, na kila zikiongezeka tatu muda unakatwa nusu. Kwenye 100 umebaki na dakika 15, na chumba kidogo cha mazoezi hufika hapo kirahisi. Katengeneze vizibo vya kipimo cha masikio yako mwezi huu. Fedha ikipungua niambie.

Nitumie rekodi ya mazoezi yenu ya Jumamosi, hata ya simu. Nitasikiliza haihati kwanza.

Baba yako