Barua kwa mwanangu Somoe: usikubali kukandwa

Mwanangu Somoe,

Assalam alaikum, mama. Bibi yako anakusalimu sana. Miguu yake bado inamsumbua, na siwezi kumwacha hapa Lindi mpaka dada yako afike kutoka Nachingwea. Kila nikikupigia simu unanijibu "nzuri, mama", na nyuma yako nasikia sauti za wageni. Ndiyo maana nimeandika. Isome ukiwa chumbani, halafu mpe baba pacha naye aisome.

Nimeambiwa shangazi yako wa Mikindani anakuja kukukanda. Somoe, usikubali.

Ulipojifungua pacha nilikukanda kwa mikono yangu, nikakufunga mkaja, nawe ukapona vizuri. Uzazi una haki yake. Lakini safari hii hukuzaa, umepasuliwa tumbo ili kupunguza ngozi iliyolegea. Daktari amekata kutoka nyonga hii hadi ile, akaibandua ngozi juu ya misuli mpaka karibu na mbavu, akaivuta chini, akaondoa iliyozidi ndipo akashona. Kitovu kimebaki kwenye shina lake, kikatobolewa tundu jipya la kutokea. Katika kazi hiyo mishipa midogo ya fahamu hukatika. Ile ganzi uliyoniambia, kwamba ukijigusa chini ya kitovu unahisi kama unagusa mwili wa mtu mwingine, imetokana na hapo. Hukaa miezi mingi, na kuna sehemu huenda isirudi kabisa. Sasa mtu akikuwekea hapo kitambaa cha maji ya moto hutasikia kuungua. Utakuja kuona malengelenge tu. Chupa ya maji ya moto nayo usiiweke, hata mgongo ukiuma vipi.

Mkaja nao, hapana. Mkanda uliopewa hospitali umepimwa kwa mwili wako, na unatakiwa kubana kiasi cha kukuwezesha kuvuta pumzi ndefu bila taabu. Shangazi akikuzungushia kanga juu yake na kukaza kwa nguvu zake zote, ngozi itakosa damu. Kumbuka ngozi hiyo imeshabanduliwa kutoka chini yake, kwa hiyo kwa sasa inategemea damu inayotoka pembeni na juu. Pale katikati, juu kidogo ya mshono, ndipo damu hufika kwa shida kuliko pote, na ndipo huanza kuwa peusi. Nimeyaona hayo wodini. Kidonda cha namna hiyo kinaponywa, ila huchukua muda mrefu na kovu lake ni baya.

Najua huwezi kumkatalia shangazi mtu usoni, na wala sitaki umkosee adabu. Mwamkie, mkalishe, kisha mwambie: "Mama amenikataza, shangazi, ameniapiza." Lawama zije kwangu. Halafu mwombe awashike pacha, maana hao ndio kazi yako kubwa sasa. Kila mmoja ana zaidi ya kilo 10, nawe huruhusiwi kunyanyua hata kilo 5 mpaka wiki 6 zipite na daktari aseme ndiyo. Wakikulilia, kaa kwenye kiti, waletwe mapajani. Ile misuli miwili ya mbele iliyoachana ulipowabeba imevutwa na kushonwa katikati, na ngozi ya juu hufunga mapema kuliko hiyo ya ndani. Ndiyo maana unajiona umepona, unatamani kushika ndoo. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, mwanangu. Kinu usikiguse, wala usikae kwenye mbuzi kukuna nazi. Nazi akune baba pacha, nilimfundisha mwenyewe.

Swali umekaa kwenye kiti. Dini imekuruhusu, usione unyonge.

Choo chenu ni cha kuchuchumaa, na hilo limenikosesha usingizi. Mtafutie fundi kiti cha plastiki akitoboe katikati, kiwekwe juu ya tundu. Zile dawa kali za maumivu hufunga choo, na kujikamua kunavuta mshono wa ndani. Kunywa maji mengi, kula papai na kisamvu. Samaki na mayai usiache, ndivyo vinavyojenga nyama ya kidonda. Ming'oko nitakuletea mwenyewe.

Usiku lala chali, mito miwili mgongoni na mwingine chini ya magoti, mpaka uone tumbo halivuti ukijinyoosha. Kutembea umeinama kidogo kusikutishe, utanyooka taratibu. Ikifika jioni tumbo litavimba kuliko asubuhi. Hilo ni la kawaida, na umbo lenyewe halitulii kabla ya miezi kadhaa, kwa hiyo usijitazame kwenye kioo kila saa ukaanza kulia.

Uvimbe ninaouogopa mimi ni ule wa upande mmoja unaokuja ghafla, au ukigonga tumbo upande mmoja unaona maji yanatikisika hadi wa pili. Mirija ya kutoa maji kwenye jeraha ilitolewa kabla hujasafiri, na maji yanaweza kujikusanya tena humo ndani. Si jambo la kuua likiwahiwa, hutolewa kwa sindano, lakini mtaani asiguse mtu. Ukiona usaha, harufu mbaya, homa, au ngozi inabadilika rangi, mpigie daktari wako siku hiyohiyo.

Somoe, majirani watasema umejikata kwa ajili ya urembo. Waache. Mimi nimeuona ule upele chini ya mkunjo wa tumbo, jinsi ulivyokuwa ukichubuka na kutoa maji joto la Mtwara likizidi. Nimekuona ukishika kiuno kila ukiinuka. Nilikuwepo pia sokoni siku yule mama alipokuuliza mimba ina miezi mingapi, nawe ukatabasamu, ukafika nyumbani ukajifungia. Na hata kama ungetaka urembo tu, mwili ni wako, na fedha umeidunduliza wewe. Hudaiwi maelezo na mtu yeyote.

La mwisho ndilo zito. Ulisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, huku tumbo likiwa limebanwa. Nilishukuru uliposema ulishuka Nangurukuru ukatembea. Lakini damu inaweza kuganda kwenye miguu hata wiki kadhaa baada ya upasuaji. Tembea ndani ya nyumba kila baada ya muda mfupi, usishinde kitandani kwa sababu tu unahudumiwa. Sindano za kuzuia damu kuganda, kama bado hujamaliza, usiruke hata moja. Mguu mmoja ukivimba au kuuma kwenye shavu la mguu, mwite baba pacha mwende hospitali ya Ligula. Kifua kikibana au pumzi ikikatika, nendeni saa hiyohiyo hata kama ni usiku wa manane. Waambieni mapokezi neno la kwanza kabisa kwamba umepasuliwa tumbo karibuni.

Leo jioni chukua tepu ya cherehani, pima shavu la kila mguu kwa usawa mmoja, unitumie vipimo vyote viwili. Usiniandikie "nzuri, mama". Niandikie sentimita.

Mama yako,
Lindi