Picha za Hurumzi hazina wenyewe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako wa barua.

Wiki iliyopita mwana wa dada yangu alivuka kutoka Wete kuja kunitazama. Baada ya alasiri nikampitisha Darajani, tukakata Hurumzi mpaka mtaa wa Gizenga, humu Mji Mkongwe. Njia ile siku hizi ukitoka duka la picha unaingia duka la picha, na turubai zimetundikwa hadi juu ya baraza walizokuwa wakichezea bao wazee wetu. Sina neno, vijana wanatafuta riziki.

Lakini huyu mtoto mdadisi. Kasimama mbele ya picha ya simba watatu, akaniuliza: "Mjomba, kwani Unguja kuna simba?" Nikacheka. Nikamweleza kuwa hiyo ni tingatinga, mtindo ulioanzia Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyekuwa akichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Mwenyewe alifariki 1972. Mtoto akamgeukia muuzaji: "Na hii kachora nani?"

"Fundi."

"Fundi gani?"

"Yupo tu, huleta mzigo Jumamosi."

Bei dola 80. Simba wale wale tukawakuta maduka matatu mbele.

Magharibi ikatukuta Forodhani. Nikamnunulia urojo, umejaa bajia, kachori na chipsi za muhogo, nao wauzaji wanaitana kwa majina katikati ya moshi wa mishkaki. Urojo kwetu hauliwi hivi hivi. Utaambiwa wa kwa fulani umekolea embe, wa kwa fulani pilipili yake haina mchezo. Bakuli la shilingi 3,000 tunamjua mpishi wake, mama yake na mtaa aliozaliwa. Picha ya dola 80 hatumjui aliyeshika brashi!

Na mimi pia nina kosa. Nimechonga milango miaka 31. Njiani tulipita mlango mmoja niliowahi kuubadilisha mfaa, ule mti wa katikati, nikarejesha minyororo na mawaridi kama yalivyokuwa. Mtoto akaupapasa, akauliza jina langu liko wapi. Nikamwambia mafundi hatuandiki, ndiyo ada. Hakuridhika, na usiku ule hata mimi sikuridhika.

Wenye maduka, kalamu ya risasi haina gharama. Andikeni nyuma ya picha jina la mchoraji na anakotoka. Na nyinyi wachoraji, kima punju wa msitu wetu wa Jozani kawakosea nini, hata mnachora simba tu?

Mtoto karudi Pemba na picha ndogo ya ngalawa. Aliinunua Ngome Kongwe, kwa kijana aliyekuwa kakaa chini anachora, rangi mpaka kwenye viwiko. Kijana alimwandikia jina lake mwenyewe nyuma, kisha akaifunga kwa gazeti. Lenu, nadhani.

Fundi mstaafu wa nakshi,
Kikwajuni, Unguja