Shoga, kabla hujaripoti wodini

Shoga yangu,

Meseji yako niliiona natoka naiti, nikasema nikiamka ndo nijibu maana na usingizi ule ningeandika pumba tupu. Hongera mwaya, leseni ya unesi kutoka Baraza unayo, kituo umepangiwa, bado kuripoti tu. Sasa umeniuliza urudie kusoma nini kabla hujaanza, ukanitajia nadharia zote zile tulizokariri chuoni mpaka tukaota. Mi nakwambia funga daftari kwanza, nenda kanunue saa yenye mshale wa sekunde.

Nasema hivo kwa sababu kitu kinachodanganywa kuliko vyote kwenye faili la mgonjwa ni upumuaji. Utafungua chati utakuta wodi nzima inapumua 20 kwa dakika, bibi mwenye nimonia 20, kijana aliyefanyiwa hernia 20, mwenye presha 20, utafikiri walikaa kikao wakakubaliana. Hakuna aliyehesabu! Presha mashine inakupa, oksijeni unambana kidole namba inatokea, ila pumzi inabidi usimame pale dakika nzima unamwangalia kifua, na ndo maana watu wanairuka. Na ndo hiyo hiyo ambayo mara nyingi inabadilika mapema kabla presha haijashuka. Mtu mzima aliyetulia ni 12 mpaka 20, sasa ukimkuta kwenye 28 usidanganyike na presha nzuri, mwili unahangaika, inaweza kuwa mapafu, inaweza kuwa maambukizi yameingia kwenye damu, au sukari imepanda mpaka damu imeshika tindikali anapumua kwa nguvu na kwa kina. Na akitoka tiata, kule kwenye upasuaji, kapewa pethidini au mofini, zile dawa kali za maumivu zinazopunguza pumzi, ukahesabu 8, hapo ita mtu sasa hivi, usisubiri raundi. Watoto hesabu zao ni nyingine, chini ya miezi 2 tunasema anapumua haraka akifika 60, kuanzia miezi 2 mpaka hajafikisha mwaka ni 50, mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Ujanja ni kumshika mkono kama bado unapima mapigo alafu macho yako kwenye kifua, maana mtu akijua unamhesabu pumzi anaanza kuzipangilia.

Na ukisimama hiyo dakika unaona mengine kibao, midomo imekauka, dripu imevimbisha mkono, mfuko wa mkojo mkavu tangu asubuhi, shuka limelowa na ndugu anaona aibu kusema.

Yule Virginia Henderson, nesi wa nadharia tuliyekuwa tunamkariri na mahitaji yake 14 ya mgonjwa, la kwanza kabisa kwenye orodha ni kupumua. Alisema kazi ya nesi ni kumsaidia mtu kufanya yale ambayo angeyafanya mwenyewe kama angekuwa na nguvu, nia au ujuzi, NA kumsaidia kwa namna itakayomrudisha kujitegemea mapema. Hiyo sehemu ya mwisho sisi tunaisahau jamani. Kwetu ndugu ndo wanaleta uji, ndugu ndo wanaogesha, na kwa mapenzi yao wanamlisha mgonjwa wa kiharusi kila kijiko wakati mkono mmoja mzima kabisa, tena wamemlaza chali, uji unaingia kwenye mapafu. Usiwafukuze wala usiwagombeze, waite uwaonyeshe, akae wima kabla ya kula, abaki ameketi kidogo baada ya kula, na kijiko ashike mwenyewe hata kama atachafua kanga. Waonyeshe na kumgeuza kila baada ya saa mbili, na wakati wa kumgeuza waangalie matakoni juu, visigino, nyonga, wakiona wekundu wabonyeze, ukigoma kupotea ngozi imeshaanza kuumia, waje wakuite. Kwa weusi wa ngozi zetu wekundu wenyewe hauonekani vizuri, kwahiyo waambie washike pia, wasikie kama pana joto au pamekuwa pagumu kuliko pembeni. Nesi mmoja vitanda thelathini huwezi kuwageuza wote peke yako, lakini ndugu aliyefundishwa vizuri atakusaidia kweli kweli.

Dawa sasa. Zile tano unazijua, mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, muda sahihi. Ya kwanza inaonekana rahisi ila utakuta akina Asha Juma wawili vitanda vimefuatana. Usiulize "we ndo Asha Juma?" maana mgonjwa mwenye homa atakuitikia hata ukimwita jina la mjomba wake, muulize "mama unaitwa nani?" alafu linganisha na faili. Insulini pima kwa bomba la insulini tu, sio bomba la kawaida, 1 ml ina yuniti 100, ukikosea kidogo tu umemmaliza. Na potasiamu ya sindano isipigwe moja kwa moja kwenye mshipa hata siku moja, inasimamisha moyo, inachanganywa kwenye dripu na inaenda pole pole.

Usiku ukimpigia daktari wa zamu usimwambie "dokta mgonjwa hali si nzuri", atakwambia endelea kumwangalia alafu atalala zake. Mwambie ni nani, kalazwa na nini, anapumua 32, presha 85 kwa 50, saa mbili zilizopita alikuwa 22, naomba uje. Namba zinamtoa mtu kitandani. Alafu andika saa uliyompigia, kwenye faili, kwa mkono wako.

Kuhusu glovu, utaona watu wanavaa jozi moja wanazunguka nayo wodi nzima, hapo wanajilinda wao tu wagonjwa wanagawiwa vijidudu. Nawa kabla ya kumgusa na ukimaliza kumgusa, hata kama ulivaa glovu. Sabuni na maji sekunde 40 mpaka 60, ile ya spiriti 20 mpaka 30.

Na kitu kingine kinachoniudhi mpaka leo ni sauti. Mtu anasimama mlangoni anauliza kwa nguvu "wa CTC amekunywa dawa zake?", yaani wa kliniki ya VVU, wodi nzima imegeuka. Nenda kitandani, inama, uliza. Vuta pazia kabla hujamfunua, na hata asiye na fahamu mwambie "baba nakugeuza sasa". Mama wa leba akigombezwa anaficha kwamba alikunywa dawa za kienyeji za uchungu, na hiyo ndo ulihitaji kuijua kuliko vyote.

Halafu nikuchekeshe, kile kiapo cha manesi cha Florence Nightingale, yule nesi wa Kiingereza wa zamani, tulichoapa na mishumaa tukalia, hakukiandika yeye, kilitungwa Detroit mwaka 1893 na wenzetu Wamarekani. Yeye kule Scutari kwenye vita vya Crimea alikuwa anahangaika na usafi, na kuhesabu maiti, nani kafa na nini, akaja kuwaonyesha wakubwa kwa namba kwamba magonjwa yaliua askari wengi kuliko majeraha. Mi huyo wa kuhesabu ndo namkubali zaidi ya huyo wa taa, anayesifiwa kwa kuzungukia wagonjwa usiku na taa mkononi.

Viatu nunua vya kufunga visivyoteleza, usije na sendo. Ukishajua wodi nitumie meseji, kama ni ya watoto nitakupigia tupitie pamoja dozi kwa kilo maana hizo zinataka kukaa chini na kalamu, na kama ni leba niambie mapema nimuulize wifi yako, yeye kazoea huko kuliko mimi.

Msalimie mama na watoto.

Shoga yako