Si taa zinazoua betri za pikipiki, ni mahali umeme unapochukuliwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wenye pikipiki, madereva wa bodaboda na mafundi umeme wa pikipiki wa hapa Mwanza kuhusu betri zinazokufa mapema baada ya pikipiki kufungwa taa za ziada, chaja ya simu au redio. Maelezo yanayosikika vijiweni, kuanzia Igoma hadi Buhongwa, ni kwamba vitu hivyo vinakula betri na kwamba dawa yake ni kuving'oa. Nami nilikuwa miongoni mwa wanaosema hivyo, hadi nilipofungua kiti cha pikipiki yangu mwenyewe.

Nina pikipiki mbili ndogo ninazowapa vijana kwa hesabu ya kila siku. Mmoja wao huwa Mwaloni Kirumba saa kumi alfajiri kuwasubiri wachuuzi wa samaki, na tangu Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025 hupata pia abiria wa usiku wa kuvuka kwenda Busisi. Anayeijua njia ya Usagara na Kigongo usiku, pamoja na ng'ombe wanaolala barabarani na baiskeli zisizo na taa, hatamlaumu kijana huyo kwa kufunga spoti mbili za LED, yaani taa za ziada za mbele, na chaja ya simu kwenye usukani. Mimi nilimlaumu. Tulinunua betri mbili ndani ya miezi sita, na ya pili nilimkata kwenye malipo yake, jambo ambalo baadaye ilinibidi nimrudishie fedha yake pamoja na maneno ya kuomba radhi. Kabla ya kustaafu nilikuwa fundi umeme katika kiwanda cha kuchambua pamba, kwa hiyo aibu yangu ni kubwa zaidi, maana ujuzi wa kuliona kosa nilikuwa nao.

Nilichokikuta chini ya kiti ni hiki. Waya za chaja zilikuwa zimeviringishwa moja kwa moja kwenye vichwa vya betri, bila fyuzi, yaani kile kijiwaya kinachokatika chenyewe umeme ukizidi. Chaja za namna hii, hasa zile zenye kijitaa cha buluu kinachoonyesha volti, hazilali hata kama hakuna simu iliyochomekwa. Tuseme inachukua miliampea 20 tu, kiasi ambacho hakuna dereva atakayekihisi. Kwa saa 24 ni karibu nusu ya ampea-saa, na kwa siku kumi ni ampea-saa 4.8. Betri ya pikipiki yangu ikijaa hubeba ampea-saa 5 tu. Kijana alipokwenda msibani Ukerewe akakaa siku kumi, pikipiki ikiwa imefungwa uani na funguo ziko mfukoni mwake, betri ilimalizika bila mtu kuigusa. Betri ya risasi na asidi ikiachwa tupu kwa muda, sahani zake hushika salfeti ngumu, na hata ukiichaji usiku kucha hairudi katika nguvu yake ya mwanzo. Hivyo ndivyo betri ya kwanza ilivyokufa, nasi tukazisingizia spoti ambazo wakati huo zilikuwa zimezimwa.

Spoti zenyewe zilikuwa na kosa la namna nyingine. Fundi aliyezifunga alijua kwamba umeme wake unapaswa kukatika funguo ikizimwa, na kwa hilo nampa haki yake, lakini aliuchukua kwa kukwangua waya mwembamba unaotoka kwenye swichi ya funguo na kuufunga kwa tepu. Spoti mbili za wati 18 kila moja ni wati 36, na wati 36 kwa volti 12 ni ampea 3. Waya ule na swichi ile vilitengenezwa kwa mahitaji ya kiwandani tu, yaani honi, indiketa, taa ya breki na kadhalika, na vyote hivyo vilikuwa vinagawana fyuzi moja. Ukiongeza ampea 3, kisha dereva akapiga honi huku amekanyaga breki na indiketa inawaka, fyuzi inakatika. Iliyokatika kwetu iliondolewa na mahali pake pakawekwa karatasi inayong'aa ya ndani ya pakiti ya sigara. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza kuungua kikitokea shoti hakikuwa fyuzi tena, bali waya wenyewe, nao unapita chini ya tangi la petroli.

Namna sahihi ya kuifanya kazi hii si ngeni wala si ya gharama kubwa, nayo ni kutumia rilei. Rilei ni swichi inayobonyezwa na umeme badala ya kidole: umeme mdogo unaotoka kwenye funguo huvuta sumaku ndani yake, na sumaku hiyo huunganisha njia nyingine nene inayotoka betrini moja kwa moja. Swichi ya funguo hubeba sehemu ndogo tu ya ampea moja, mzigo wote hupita pembeni, na ukizima funguo kila kitu hukatika. Miguu yake ina namba zinazotokana na kanuni ya Kijerumani iitwayo DIN 72552, na ni zilezile kwenye gari la mizigo na kwenye bodaboda. Mguu 30 hupokea umeme wa betri kupitia fyuzi. Mguu 87 hupeleka umeme kwenye taa. Miguu 85 na 86 ni ya sumaku, mmoja ukienda kwenye waya unaopata umeme funguo ikiwashwa na mwingine kwenye hasi. Rilei yenye miguu mitano huwa pia na mguu wa kati ulioandikwa 87a, ambao hupata umeme pale rilei inapokuwa imelala. Nimeona pikipiki ambayo spoti zake zilizimika funguo ikiwashwa na kuwaka ikizimwa, na mwenyewe akaamini ana swichi mbovu. Waya ulikuwa umechomekwa kwenye 87a, basi.

Ugumu hasa uko katika kuchagua waya wa kuiamsha rilei, na hapa ndipo ningewasihi mafundi wasifanye haraka. Wengi hukimbilia waya wa taa kubwa ya mbele kwa kuwa uko karibu. Katika pikipiki nyingi ndogo taa hiyo haitumii umeme wa betri kabisa. Inalishwa na koili za injini, zile zinazozalisha umeme injini inapozunguka, kwa umeme unaobadilika mwelekeo, ndiyo maana hufifia injini inapopungua kasi na kuwaka sana ukivuta mafuta. Rilei ya kawaida ya volti 12 ikiunganishwa hapo hutetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na haichukui muda kuharibika. Waya unaofaa ni ule unaoingiza umeme kwenye swichi ya breki, kwa sababu huwa na umeme wa betri wakati wote funguo ikiwa imewashwa. Lakini ni ule unaoingia, si unaotoka, maana unaotoka utawasha spoti kila dereva anapokanyaga breki. Rangi zisiaminiwe peke yake. Kwa utaratibu wa Honda, ambao pikipiki nyingi za Kichina zimeuiga, nyekundu ni ya betri, nyeusi ni ya baada ya funguo na kijani ni hasi, lakini kampuni nyingine zina rangi zao, na pikipiki iliyokwisha kupita mikononi mwa mafundi watatu ina rangi za mafundi hao. Balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili inatosha kupimia: iwake funguo ikiwashwa, izime funguo ikizimwa, na isitikisike injini ikikoroma.

Fyuzi iwe karibu na kichwa cha chanya cha betri, umbali usiozidi shibiri moja. Kazi yake ni kuulinda waya, na kipande chochote cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kwa mzigo wa ampea 3 fyuzi ya ampea 5 inatosha, na waya wa milimita 1.5 za mraba utaubeba bila kupata joto. Swichi ya kuwashia spoti pale kwenye usukani iwekwe katika njia ya sumaku ya rilei, si katika njia ya mzigo, ndipo hata swichi ndogo ya bei nafuu itadumu. Chaja ya simu nayo ichukue umeme kwenye 87 ikiwa na fyuzi yake ndogo, na swichi ya usukani isiiguse, vinginevyo mchana dereva atalazimika kuwasha spoti ili achaji simu. Ili swichi hiyo izime spoti bila kuigusa chaja, itahitajika rilei ya pili kwa ajili ya spoti. Kabla ya kugusa chochote, hasi ya betri itolewe kwanza na irudishwe mwisho, kwa kuwa spana ikigusa chanya na fremu kwa pamoja hutoa cheche zilezile zinazotumika kuchomelea vyuma.

Kuna swali moja la haki ambalo kijana wangu aliniuliza: je, koili za injini zinamudu mzigo wote huo? Tulipima. Injini ikiwa katika mwendo wa kati na taa zote zimewashwa, kipima umeme kilionyesha volti 13.6 kwenye vichwa vya betri, maana yake betri ilikuwa bado inapokea. Kama ingekuwa imeshuka chini ya 12.6 na kuendelea kushuka, ningemwambia apunguze spoti moja, na asingekuwa na la kubisha. Anayefunga taa sita na redio ya kusikika Nyegezi hadi Mkuyuni hataokolewa na rilei.

Rilei, kishikio cha fyuzi na waya nilivyonunua mjini havikufikia hesabu ya siku mbili, na betri tuliyonayo sasa inaingia mwezi wa kumi na moja. Ninachowaomba wenye pikipiki wenzangu ni kugharamia kazi hii wenyewe badala ya kumwachia dereva, ambaye akikosa fedha ataenda kwa mtu wa tepu. Mafundi nao, wakimaliza kazi, wamwonyeshe dereva fyuzi ilipo na wamwachie moja ya akiba chini ya kiti, ili siku ikikatika usiku kule Kigongo asiitafute pakiti ya sigara.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi umeme mstaafu,
Buhongwa, Mwanza.