Wauza mashine za gemu watuambie fremu, si 4K pekee

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa huu nizungumzie namna mashine mpya za gemu zinavyouzwa madukani kwetu. Mteja akiuliza PS5 ya Sony inaizidi nini PS4, jibu analopewa mara nyingi ni moja: picha ni 4K, yaani ina vitone vingi zaidi. Analipa, anaifikisha nyumbani, anaichomeka kwenye televisheni ileile ya inchi 32, kisha analalamika kwamba haoni tofauti. Tofauti ipo, tena kubwa. Ila sehemu yake kubwa haimo kwenye neno lile lililoandikwa kwenye boksi, imo kwenye fremu, yaani idadi ya picha zinazoonyeshwa kila sekunde, na sehemu nyingine hupotelea kwenye waya, CD na mipangilio ambayo hakuna aliyemweleza.

PS4 ilitoka Novemba 2013 ikiwa na prosesa ya Jaguar, viini 8 (sehemu zinazokokotoa kwa pamoja) vya GHz 1.6. Ni aina ya prosesa iliyobuniwa kwa ajili ya kompyuta ndogo zinazobana matumizi ya umeme, na hata wakati ule ilikuwa dhaifu. Prosesa ndiyo inayokokotoa watu wa kwenye gemu wanatembea vipi, gari likigonga ukuta linageukia wapi, mpira ukigonga mwamba unarudi kwa nani. Kwa kuwa ilikuwa inazidiwa, gemu nyingi kubwa za zama zile ziliishia fremu 30 kwa sekunde. PS5 ya Novemba 2020 ina viini 8 vya Zen 2 vinavyofika GHz 3.5, na kila kiini hufanya kazi nyingi zaidi kwa kila mpigo kuliko kile cha zamani. Chipu ya picha nayo imepanda kutoka teraflopi (kipimo cha kasi ya kukokotoa) 1.84 hadi 10.28, na kumbukumbu ya kufanyia kazi (RAM) kutoka GB 8 hadi GB 16.

Kwa mchezaji, namba hizo zinageuka kuwa muda. Fremu 30 maana yake kila picha inakaa kwenye kioo milisekunde 33. Fremu 60 ni milisekunde 16.7, na fremu 120 ni 8.3. Ukibonyeza kitufe cha kukaba, mashine ya fremu 30 haiwezi kukuonyesha matokeo kabla picha iliyopo haijaondoka, na hapo hatujaongeza ucheleweshaji wa padi, yaani kidhibiti cha mkononi, wala wa televisheni. Ndiyo maana mtu aliyezoea fremu 60 akirudi kwenye 30 husema padi imekuwa nzito, ingawa padi haina kosa lolote.

Anayetaka kuliona hili waziwazi aitazame GTA V, kwa sababu gemu hiyo moja imepita vizazi vitatu. Kwenye PS3 mwaka 2013 ilikuwa ya 720p (mistari 720 ya vitone) na ikilenga fremu 30. Kwenye PS4 mwaka 2014 ikawa 1080p, fremu zilezile 30. Toleo la PS5 la Machi 2022 linampa mchezaji kuchagua hali tatu: ya kwanza inatanguliza ukali wa picha hadi 4K na kubaki fremu 30, ya pili inapunguza ukali kidogo na kupandisha fremu hadi 60, ya tatu inajaribu kuunganisha fremu 60 na mwanga unaokokotolewa kwa kufuata miale. Angalia kilichotokea hapo: mashine yenye nguvu mara tano bado inalazimika kuchagua. Picha ya 4K ina pikseli, yaani vitone, 8,294,400, na ya 1080p ina 2,073,600, yaani mara nne. Nguvu ikimezwa na pikseli, hazibaki za kutosha kwa fremu. Muuzaji anayeahidi 4K, fremu 120 na mwanga wa miale kwa wakati mmoja katika gemu kubwa anaahidi kisichokuwepo. Boksi za mwanzo za PS5 zilibeba hata nembo ya 8K, na baadaye nembo hiyo ikaondolewa.

Ushauri wangu kwa mwenye televisheni ya kawaida ni achague fremu. Kwenye PS5 aingie Settings, kisha Saved Data and Game/App Settings, kisha Game Presets, aweke Performance Mode. Gemu zinazotii mpangilio huo zitafunguka moja kwa moja katika hali ya fremu nyingi. Nyingine inabidi kubadilisha ndani ya menyu ya gemu yenyewe.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililobadilisha gemu kuliko picha, ni uhifadhi. PS4 ilitumia diski inayozunguka. Mark Cerny, mbunifu mkuu wa mashine hizi, alieleza Machi 2020 kwamba PS4 ilichukua kama sekunde 20 kupakia GB 1, ilhali SSD ya PS5, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka, ililengwa kupakia GB 2 kwa sekunde 0.27. Diski inayozunguka ina sindano inayohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine kutafuta data, na kila kuhama ni muda. Ili kuiepusha na safari hizo, watengenezaji waliandika kitu kilekile mara nyingi kwenye diski, karibu na kila mtaa unaokihitaji. Cerny alitoa mfano wa gemu ya Spider-Man ya PS4, ambamo vitu vidogo kama sanduku la barua la mtaani vilirudiwa mara 400. SSD haina sindano, kwa hiyo kitu kinaandikwa mara moja tu, inasoma GB 5.5 kwa sekunde, na mchezaji anaweza kuruka kutoka pembe moja ya mji hadi nyingine bila kukodolea macho kioo cheusi.

Hapa kuna mtego. SSD ya PS5 ya kwanza ni ya GB 825, lakini inayobaki kwa gemu ni kama GB 667, na gemu kubwa moja inaweza kula GB 100. Watu huchomeka diski ya nje ya USB wakidhani wamemaliza tatizo. Diski hiyo itacheza gemu za PS4 bila shida, lakini gemu ya PS5 itahifadhiwa tu humo. Kuicheza ni lazima uirudishe ndani. Kuongeza nafasi ya kweli kunahitaji SSD ya M.2, kadi nyembamba inayochomekwa ndani ya mashine, ya aina ya NVMe, PCIe kizazi cha 4, inayosoma MB 5,500 kwa sekunde au zaidi, yenye ukubwa kati ya GB 250 na TB 8. M.2 za SATA, aina ya muunganisho wa polepole zaidi, zinafanana nazo kwa umbo na ni za bei nafuu, ila PS5 haizikubali. Kipoza joto ni lazima, na kimo chote pamoja nacho kisizidi milimita 11.25, la sivyo kifuniko hakifungi. Wakati wa kuifunga, kipete kidogo kilichopo chini ya skrubu kihamishiwe kwenye tundu linalolingana na urefu wa SSD. Wengi wanakisahau, SSD inapinda ikikazwa, na mashine inakataa kuiona.

Nije kwenye televisheni, ambako pesa nyingi hupotea. Televisheni nyingi za inchi 32 zinazouzwa kwetu zikiandikwa HD zina pikseli 1366 kwa 768. PS5 ikichomekwa humo, picha yake inashushwa ilingane na kioo. Kingo zitakuwa laini zaidi kuliko za PS4, fremu 60 zitaonekana, upakiaji wa haraka utakuwepo, lakini 4K haitaonekana hata ukiweka waya wa dhahabu. Mwenye televisheni ya 4K naye asibweteke. Aangalie mambo matatu.

Kwanza, tundu. Televisheni nyingi zina tundu moja au mawili tu ya HDMI 2.1, toleo jipya la tundu la waya wa picha na sauti, na mara nyingi limeandikwa 4K 120Hz pembeni. Pili, kila tundu lina mpangilio wake unaoruhusu mawimbi makubwa kupita, na mara nyingi unaletwa ukiwa umezimwa: Samsung huuita Input Signal Plus, LG huuita HDMI Deep Colour. Usipowashwa, rangi za HDR, zenye mwanga na giza pana zaidi, hazitokei na mashine huripoti kwamba televisheni haiwezi. Tatu, hali ya gemu. Bila hiyo, televisheni inapokea kila picha, inaipamba, inabuni picha za katikati, ndipo inaionyesha. Ucheleweshaji unaweza kupita milisekunde 100, yaani zaidi ya fremu 6 kwa mwendo wa fremu 60. Ukiwasha hali ya gemu hushuka sana. Mtu anayenunua mashine ya fremu 60 na kuiacha televisheni kwenye hali ya sinema ameirudisha mikono yake kwenye PS4, kama si nyuma zaidi.

Waya utumike ule uliokuja ndani ya boksi la PS5, ambao unabeba hadi gigabiti 48 kwa sekunde. Wa zamani wa HDMI 2.0 unaishia 18: 4K ya fremu 60 utaibeba, ila kwa 4K ya fremu 120 kioo kinaweza kuwa kikizima na kuwaka. Baada ya kuunganisha, fungua Settings, Screen and Video, kisha Video Output, usome Video Output Information. Ukurasa huo unasema ni pikseli ngapi na herzi ngapi (mara ngapi picha hubadilishwa kwa sekunde) zinazotoka kweli. Dukani usiulizie kingine kabla ya kuuona.

Wenye kioo cha herzi 120 wana faida moja isiyosemwa sana, nayo ni hali ya fremu 40 iliyomo kwenye baadhi ya gemu. Kila picha inakaa milisekunde 25, katikati kabisa ya 33.3 na 16.7, huku ukali wa picha ukibaki karibu na ule wa hali ya fremu 30. Kwenye kioo cha herzi 60 haiwezekani, kwa kuwa 60 haigawanyiki kwa 40 na mwendo ungekuwa wa kudundadunda.

Sasa CD. PS5 inasoma CD za PS4, na hilo ni jambo jema kwa soko letu la kubadilishana CD. Lakini CD ya PS4 inafungua gemu ya PS4. Kwa wapenzi wa soka hii ina maana kubwa: tangu FIFA 22, mfumo wa HyperMotion, uliotokana na kunasa miondoko ya wachezaji 22 wakicheza mechi kamili, uliwekwa kwenye toleo la PS5 na la Xbox Series, mashine za Microsoft, na toleo la PS4 halikupewa. PS4 tayari ilikuwa inacheza soka kwa fremu 60, kwa hiyo asiyekuwa na toleo la PS5 ni kweli hataona mabadiliko mengi. Kasha la CD ya PS5 lina mkanda mweupe juu. Litazame kabla ya kulipa.

Na kwa sababu intaneti yetu ni ya kununua kwa bando, kisomeo cha CD si pambo. Xbox Series S ni mashine nzuri kwa televisheni ya 1080p na bei yake ni nafuu, ila haina kisomeo, na kwenye ile ya GB 512 zinazobaki kwa gemu ni kama 364. PS5 Digital ya 2020, iliyouzwa bila kisomeo, haiwezi kuongezewa. Ile ya umbo dogo ya 2023 inaweza, pamoja na PS5 Pro ya Novemba 2024, lakini kisomeo kinahitaji intaneti siku ya kwanza ili kitambuliwe. Pro yenyewe imeongezewa nguvu ya kuchora picha kwa takriban asilimia 45 na njia ya kukuza picha iitwayo PSSR, huku prosesa ikiwa karibu ileile. Gemu inayokwama kwa sababu ya prosesa itabaki imekwama hata humo.

Neno kwa wenye vibanda vya gemu. PS5 katika gemu nzito hula karibu wati 200. Mashine 4 kwa saa 10 ni uniti 8 kwa siku, bila televisheni. Mtengenezaji ameweka kikomo cha joto la chumba kuwa nyuzi 35, na nyuma ya mashine iachwe nafasi ya sentimita 10. Kibanda cha bati cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi Februari kinavuka hapo mchana, na mashine hujizima ikijilinda. Vumbi lifyonzwe kupitia matundu mawili yaliyopo chini ya vifuniko vya pembeni. Asitokee fundi wa kubandua kipoza joto na kupaka pesti ya kawaida: katikati kuna metali ya majimaji inayopitisha umeme, na tone moja likidondoka kwenye bodi linaua mashine. Umeme ukikatika gemu ikiwa inajiandika, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili, unganisha padi kwa waya, uchague Clear Cache and Rebuild Database. UPS, yaani betri ya akiba, ya VA 650 inatosha mashine moja na televisheni ya inchi 32 kwa dakika chache za kuhifadhi na kuzima.

Ombi langu kwa maduka ni dogo. Pembeni ya bei pabandikwe karatasi yenye mistari minne: ina kisomeo au haina, GB zinazobaki kwa gemu, televisheni gani inahitajika kwa 4K na kwa herzi 120, na gemu tatu zinazopendwa zinacheza fremu ngapi. Na gazeti lako, Mhariri, linapoandika habari za mashine mpya, litutajie fremu hizo badala ya kunakili maandishi ya boksi.

Naomba kuwasilisha.

Fundi wa mashine za gemu,
Dar es Salaam