Lebo za dawa za Kichina ziandikwe kwa Kiswahili

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie dawa za asili za Kichina ambazo siku hizi zinauzwa kote jijini Nairobi, madukani, vibandani na hata kwa kuagizwa kupitia simu. Mimi ni mfamasia, na tiba hii nimeisoma kwa muda mrefu nikiiheshimu. Kinachonisikitisha ni kwamba tumeletewa makopo, lakini mafunzo ambayo yangepaswa kuyatangulia hayakuletwa.

Kitabu cha msingi cha tiba hiyo, Huangdi Neijing, kilikusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, na sehemu muhimu ya mafundisho yake inahusu namna ya kuishi: saa za kulala, kiasi cha chakula, kazi na mapumziko, na namna ya kuitawala hasira. Kinasema kuwa tabibu hodari huushughulikia ugonjwa kabla haujajitokeza, na kwamba anayengoja mtu augue ndipo atafute dawa ni kama anayengoja kiu imshike ndipo aanze kuchimba kisima. Afya, kwa mtazamo huo, ni mizani kati ya yin na yang, yaani baridi na joto, utulivu na mwendo, huku qi, nguvu ya uhai, ikipita mwilini bila kizuizi.

Mafundisho haya si mageni kwetu kama wengi wanavyodhani. Mchina humshauri mtu mwenye joto mwilini ale ndengu au tikiti maji, na mwenye baridi atumie tangawizi na mdalasini; wazee wetu wa pwani nao hutofautisha vyakula vya joto na vya baridi, na mzazi hupewa vyakula vyenye pilipili manga akiwa ndani hadi arubaini yake itimie. Huko China mzazi hutunzwa mwezi mzima, akikingwa na upepo na kulishwa vyakula vya moto.

Mtazamo huo pia unahusisha hisia na viungo vya mwili: hasira huumiza ini, huzuni huumiza mapafu, hofu huumiza figo, na mawazo mengi huvuruga wengu na tumbo. Sayansi ya kisasa haijathibitisha njia za qi wala uhusiano huo kama ulivyoelezwa, na ni vyema hilo lisemwe wazi. Hata hivyo, mkazi wa jiji hili anayeamka alfajiri kuwahi matatu, akashinda na wasiwasi wa kodi na karo, akarudi saa tatu usiku, akala ugali akashiba na kulala papo hapo, angefaidika sana na ushauri wa kula chakula chepesi jioni, kutembea kidogo baada ya kula na kuwa kitandani kabla ya saa tano. Ushauri huo hauna bei, na labda ndiyo sababu hakuna anayeutangaza. Jambo moja tu tulipime wenyewe: kalenda ya majira manne iliyomo katika vitabu hivyo ni ya nchi yenye masika na kipupwe chake, ilhali sisi tuko karibu na ikweta, na baridi yetu ni ya Juni hadi Agosti.

Kuhusu dawa zenyewe, hakuna sababu ya kuzidharau. Tu Youyou, mtafiti wa China, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua artemisinini, dawa ya malaria, na kidokezo kilichomsaidia alikipata katika maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeeleza kuhusu kuloweka mmea wa qinghao na kukamua maji yake. Dawa mseto ya malaria tunayopewa leo katika zahanati zetu ina dawa ya jamii hiyo. Lakini kabla ya kutufikia, kiini chake kilitenganishwa, kikapimwa na kujulikana kipimo chake. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani halishauri watu watibu malaria kwa chai ya majani ya mmea huo.

Sasa linganisha na ninayoyaona kaunta. Mzee mmoja aliniletea kopo lililoandikwa Kichina kitupu, isipokuwa kikaratasi kilichobandikwa juu yake kikiahidi kuponya sukari na presha. Katika orodha ya viambato nilitambua herufi mbili tu, za gancao, mzizi mtamu unaotumiwa mno katika dawa za Kichina. Mzizi huo ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha na kupunguza madini ya potasiamu mwilini. Mzee huyo alikuwa mgonjwa wa presha. Mzizi mwingine, danggui, unaopendwa na wanawake, unaweza kuzidisha kutoka damu kwa mtu anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na mimea ya jamii ya Aristolochia imethibitishwa kuharibu figo na kusababisha saratani. Mnunuzi atajikingaje na asichoweza kukisoma?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa na haki ya kulindiwa afya yake, na kifungu cha 7 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kwa hiyo naiomba Bodi ya Famasia na Sumu ihakikishe kuwa kila dawa ya asili inayoingizwa nchini ina lebo ya Kiswahili inayotaja viambato vyote, kipimo, tarehe ya mwisho wa matumizi na watu wasiopaswa kuitumia. Hilo lihusu pia dawa za mitishamba zinazotengenezwa hapa nchini.

Nawe msomaji unayetumia dawa hizi, usimfiche daktari wako. Beba kopo lenyewe uendapo kliniki, hasa ikiwa una mimba, unatumia dawa za presha, sukari au za kuzuia damu kuganda, au unangoja kufanyiwa upasuaji.

Mfamasia,
Buruburu, Nairobi