Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti, Kikundi cha Matandiko ya Viraka

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Shughuli za mwaka mnazijua. Tumeokota mabaki kwa mafundi cherehani, tumeshona, tumeuza. Matandiko 46: 29 yameuzwa, 6 tumetoa zawadi kwa wazazi wapya, 11 yamo kabatini kwangu na panya hawajayagusa. Mapato 725,000, matumizi 611,000, humo cherehani, uzi, sindano na nauli.

Sasa la cherehani, maana nimeyasikia yote, hadi ya kwenye foleni ya maji. Ni kweli nilinunua cherehani ya kukanyaga, ya mtumba, kwa 280,000 kabla hatujakaa kikao. Ni kweli muuzaji ni shemeji yangu, na sikuficha. Lakini tandiko letu lina matabaka matatu: juu viraka, katikati sweta kuukuu, chini kanga iliyochakaa. Ile mashine ya kuazima ilikuwa ikifika kwenye mshono wa jinzi inakwama. Wiki moja ilivunja sindano saba. Na wanaosema hata hii inavunja, nani aliweka sindano namba 14 kwenye jinzi? Nilisema namba 18, ile nene, nikaandika na kwa chaki mezani. Tusiisingizie mashine.

Kuhusu kufua vipande kabla ya kushona, mnaniita mkali. Mwezi wa tano mteja alifua tandiko lake mara moja tu. Kanga nyekundu ambayo haikulowekwa ikachuja kwenye vipande vyeupe, kisha ikarudi, mshono wote ukajikunja kama uso wa mtu aliyenuna. Pesa zake alirudishiwa kutoka mfukoni mwangu, wala sijadai.

Mahudhurio yanatia aibu. Tuko 31, kikao cha Julai tulikuwa tisa, na wawili kati yao walichukua vipande wakaondoka. Harusini tunajaa! Ada ni 2,000 tu kwa mwezi, lakini wadaiwa ni 17, jumla 238,000. Majina anayo mhazini. Niliombwa niyasome leo, nimekataa, msinijaribu mwakani.

Mwakani Mungu akijalia tupate meza kwenye maonyesho ya biashara ya Sabasaba, na pengine mashine ya pili. Hiyo tutaikalia kikao kwanza. Shemeji anayo nyingine, ila mtaamua wenyewe.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti